Nani Atamshika Gwantwa Kichwa

Mpemba,
12 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu ile simu ya Jumamosi haikuwa simu. Najua ulikuwa umesimama kwenye ukuta wa kanisa, mahali pekee hapo Ibaba panaposhika mtandao, na mama mchungaji alikuwa pembeni akisubiri zamu yake, maana nilimsikia akikukumbusha uniulize kama nakunywa uji. Mambo ya matiti yangu sitaki yajadiliwe ukutani. Eliakim, dereva wa ile Noah ya abiria, anapita hapa njia panda kila Jumatatu na Alhamisi. Barua zetu zipitie kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Mjukuu wako hanyonyi. Anashika titi, anavuta mara tatu, linamponyoka, analia, anashika tena. Saa nzima tunafanya hivyo na tukimaliza bado ana njaa. Mimi nina vidonda ambavyo sitavieleza. Alizaliwa na kilo tatu na gramu mia moja, na leo ana wiki tano, kilo tatu na mia tatu. Nesi wa kliniki alimfungua mdomo akaniita nione. Chini ya ulimi kuna kiutando kifupi kinauvuta ulimi, hata akilia ncha haiinuki. Akaniambia ulimi umeshikwa.

Daktari hakukimbilia kukata, nataka ulijue hilo. Alisema watoto wengi wenye hali hii wananyonya vizuri na hawahitaji kuguswa. Amenionyesha namna nyingine ya kumpakata, na namna ya kukamua maziwa nimnyweshe kwa kikombe. Tujaribu wiki mbili. Uzito usipopanda, atakikata kile kiutando kwa mkasi wa hospitali, kazi ya dakika moja, na mtoto ananyonya hapo hapo.

Nimempigia mwanao Aliko. Lori lake liko kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, leo siku ya tisa. Amesema kwenu mtoto haguswi na chuma kabla babu yake hajasema neno. Sawa. Nimeolewa kwenu, neno nalisubiri. Lakini unajua siwezi kumwuliza mwenyewe. Kwa mila yetu, tangu harusi sijaonana na baba mkwe uso kwa uso. Akija hapa natokea mlango wa nyuma, na jina lake sijawahi kulitamka. Kila neno langu kwake linapitia kwako. Mfikishie na hili, tafadhali, na unijibu kabla wiki mbili hazijaisha.

Tumpale


Ibaba,
19 Februari 2024

Mkwe wangu Tumpale,

Marahaba. Shikamoo yako imefika ingawa ilikuja imekunja uso.

Mzee nimemwambia. Amekataa. Mtoto asikatwe.

Wala usidhani nilimwambia juu juu. Nilisubiri ametoka shambani, nikampa maji ya kunawa, akala, ndipo nikasema. Akatikisa kichwa. Akasema hapana, na unajua yeye harudii neno.

Huku kwetu watoto wamezaliwa na ndimi za kila namna na wamekua. Aliko mwenyewe hakusema mpaka alipotimiza miaka mitatu, leo anabishana na askari wa mipaka mitatu. Kula. Nimekuwekea maharage, debe la viazi na mbegu za maboga nilizosaga mwenyewe. Maziwa yakiwa mengi mtoto hana haja ya kuvuta kwa nguvu. Nyie mabinti wa Tunduma mna haraka, kila kitu kwenu ni kupelekwa dirishani hospitali na kupewa karatasi.

Mdomo wa mtoto mchanga ni mdogo, Tumpale. Damu ikianza humo huoni inatoka wapi, wala huna pa kubana. Msikilize mzee.

Mama Aliko


Mpemba,
26 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Viazi nimepokea. Mbegu za maboga nimekula mpaka jasho langu linanuka maboga. Maziwa yapo, yanalowesha blauzi. Shida haiko kwangu, iko mdomoni mwake, na nilidhani nimeliandika kwa Kiswahili.

Wiki mbili zimekwisha. Nimempakata kama nilivyofundishwa, ubavuni, kwapani, nikiwa nimelala, nikiwa nimeketi. Ameongeza gramu hamsini. Nakamua kutwa nzima na kumnywesha kwa kikombe, nusu inaishia shingoni mwake. Titi la kulia limeanza kupungua. Nesi amesema maziwa yanakauka kama mtoto havuti, na yakikauka mimi nitakuwa mama wa kununua makopo kwa mshahara wa mtu aliyelala chini ya lori Kongo.

Sasa daktari amesema inafaa akatwe. Hakusema inafaa tusubiri. Kazi hiyo anaifanya Jumatano tu. Jumatano hii nitakwenda kumwambia asubiri, kwa aibu, kwa sababu sina jibu la kumpa zaidi ya kwamba babu amekataa.

Namwomba baba mkwe sababu. Kukataa si sababu. Mwulize anaogopa nini, uniandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Na wewe nakuuliza bila ubaya. Umejuaje kwamba damu ikianza humo huoni inatoka wapi? Nilimwuliza daktari, akasema ni tone, mara chache matone mawili.

Tumpale


Ibaba,
4 Machi 2024

Tumpale,

Ulitaka maneno ya mzee. Haya hapa.

Amesema mwanamke aliyeolewa haulizi sababu. Amesema yeye amelea watoto sita bila daktari wa Jumatano. Na amesema, naandika kama alivyolisema, ukimkata huyo mtoto, mvue jina la Gwantwa, umtafutie jina la kwenu.

Unajua jina hilo lilitoka wapi. Ni la binti yangu wa kwanza, aliyekufa kwa homa akiwa na miezi miwili. Nilikupa wewe kwa moyo wangu ulipojifungua, kuliko kuwapa wakwe wengine waliotangulia. Ukitaka kulichezea, lirudishe.

Mambo ya damu usiniulize tena. Mimi ni mtu mzima, nimechinja kuku na nimezalisha ng'ombe, najua damu.

Njia imekuwa tope, Eliakim amesukumwa mara mbili. Viazi wiki hii hakuna.

Mama Aliko


Mpemba,
7 Machi 2024

Kwa baba yake Aliko,

Shikamoo baba. Nimejifunika kitenge kichwani hapa ninapoandika, kana kwamba unaniona. Najua mkwe hapeleki maneno kwa baba mkwe kwa mkono wake. Kama kosa hili lina faini, nitaileta. Nimemwambia Eliakim barua hii isipite jikoni, ifike mkononi mwako.

Nimekuheshimu miaka minne. Umewahi kunywa chai sebuleni kwangu mvua ikinyesha, na mimi nimebana ukuta wa nyuma na tumbo la miezi saba mpaka ulipomaliza. Sikulalamika, ndivyo nilivyolelewa. Ila sasa umekataza mwanangu asitibiwe, na umesema akitibiwa nimvue jina, na heshima yangu imefika mwisho hapo.

Unamfahamu huyo mtoto? Ana wiki nane. Ana kilo tatu na gramu mia nne. Ngozi ya mapaja inakunjika kama ya mzee. Ulimi wake umeshikwa na kiutando ambacho daktari anakiondoa kwa dakika moja. Analia njaa mpaka sauti inaisha, kisha anaendelea kulia bila sauti. Juzi aliacha hata hilo. Alinitazama tu huku titi limemponyoka, na hakulia. Hicho ndicho kimenifanya nichukue kalamu. Mwanangu ameanza kuzoea, baba, na mimi sitaki azoee.

Jumatano mbili nimemrudisha nyumbani nikisubiri neno lako. Jana jioni daktari amesafiri kwenda kwenye semina, anarudi tarehe 27. Tarehe hiyo nitampeleka. Jina mkilitaka chukueni, nitamwita lolote mradi yuko hai wa kuitika. Siombi ruhusa. Nakuarifu, ili usije ukasema hukuambiwa.

Tumpale, mke wa mwanao


Ibaba,
14 Machi 2024

Tumpale,

Marahaba. Sijawahi kumwandikia mkwe, wala sijui barua ya namna hii inaanza vipi, kwa hiyo naanza na hasira. Umeniandikia kwa ukali. Binti aliyelelewa hamwandikii hivyo baba wa mume wake. Hilo litazungumzwa siku nyingine, mbele ya watu wanaostahili.

Sasa soma vizuri. Sikukataa. Sikuulizwa. Barua yako ndiyo imenijulisha kwamba mjukuu wangu hanyonyi. Kabla ya hapo nilikuwa naambiwa hajambo na anasalimia. Neno la kumvua jina sikulisema. Nilimwuliza mke wangu mezani nani alilisema. Alichukua jembe akaenda shamba la chini, ambako viazi vimeshang'olewa na hakuna cha kulima, akarudi jua limezama.

Aliko nimempigia ukutani, na watu waliokuwepo wasikie. Nimemwuliza ni lini nilimwambia mtoto mgonjwa anisubiri mimi. Akasema ndivyo alivyojua. Alivyojua kwa nani? Akasema mtandao unakatika. Mwanamume wa miaka thelathini na moja.

Tangu ujana wangu nimeitwa mkali, nami nikaona ni sifa. Kumbe ukali wangu una watu wanaoutumia nikiwa shambani.

Mpeleke mtoto. Usisubiri neno la mtu yeyote, na langu likiwemo.

Jonasi Mbonile


Ibaba,
18 Machi 2024

Tumpale,

Umeridhika? Umeniruka ukaenda kwa mume wangu, umefanya kitu ambacho mimi kwa mama mkwe wangu na baba mkwe wangu nisingekiota. Eliakim alipita mbele ya mlango wa jiko langu na barua mkononi, nikamkaribisha uji, akasema ana haraka. Nilijua hapo hapo.

Sasa nitakuandikia, na ukishasoma unifikirie upendavyo.

Gwantwa wangu alizaliwa mwaka 1990. Hakunyonya. Ulimi wake ulikuwa huo huo, ncha imevutwa chini. Mzee alikuwa Zambia, kwenye migodi ya shaba. Mama mkwe wangu akasema ng'ambo ya bonde kuna mzee anayekata ndimi na vimeo, mkono wake mwepesi. Tulikwenda asubuhi. Alikuwa na wembe ameukunja kwenye kitambaa. Akaniambia nimshike mtoto kichwa, asitikisike. Nikamshika. Nilimshika vizuri, Tumpale. Mtoto hakutikisika hata kidogo, na yule mzee alikata mpaka ndani.

Damu ilitoka, tukambana na kitambaa, tukaona imekoma. Haikukoma. Alikuwa anaimeza. Nilimfunga mgongoni tukapanda mlima kurudi, nikafurahi kwamba amelala. Nilipomshusha nyumbani hakuwa amelala.

Mama mkwe wangu akasema, "Ni homa." Watu wakaambiwa homa. Mzee alirudi baada ya miezi minne, nikamwambia homa. Hakuuliza homa gani, ilianza siku gani, nani alikuwepo. Miaka thelathini na minne hajauliza, na mimi nikanyamaza humo.

Barua yako ya kwanza niliisomea shambani nikaketi chini. Kama ningempelekea mzee habari ya ulimi, angesema yule marehemu naye alikuwa na nini, na ningeanguka. Kama ningekuambia kata, na damu ikatoka, ningekuwa nimeua wawili wa jina moja. Basi nikachukua mdomo wa mzee nikasemea. Ilikuwa rahisi, wote mnamwogopa. Lile neno la kumvua jina ni langu. Nilidhani litakutisha.

Ijumaa nimemwambia yote. Tangu siku hiyo anakula peke yake.

Na bado nina hasira na wewe. Una nesi, una daktari anayekuambia subiri na anayekuambia sasa, una mkasi wa hospitali, na una ujasiri wa kumwandikia mzee yule. Mimi nilikuwa na wembe na mama mkwe. Usinijibu.

Mama Aliko


Mpemba,
21 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Umesema nisijibu. Najibu.

Nimemlilia Gwantwa wako siku mbili. Nimemwombea. Nikamaliza, nikafuta macho, na hasira ilikuwa bado imekaa pale pale ikinisubiri.

Jumatano mbili, mama. Tarehe 28 Februari daktari alikuwepo, na tarehe 6 Machi alikuwepo. Mimi nilisimama mbele yake nikitaja neno la mzee ambalo mzee hakulisema. Titi la kulia limekauka. Halitarudi kwa pole yako. Mwanangu alikosa kilo alizostahili ili wewe usiulizwe swali. Ungeniandikia kwamba unaogopa ningekuja kukuchukua mwenyewe. Ungeandika neno moja tu, naogopa. Badala yake uliniambia nile maboga, na nikamchukia mzee wa watu kwa kosa lisilo lake. Yeye ana lake, naye nitamwambia.

Mama mkwe wako alikufunga mdomo kwa neno homa, ukaumia. Halafu wewe mwenyewe ukawa mama mkwe, ukanifanyia mimi. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Sikuandikii kukusamehe. Sijafika huko. Nakuandikia kukuita. Nesi ameuliza nani atamshika mtoto kichwa siku hiyo, mtu anayemjua, maana akishikwa na mgeni anapigana. Aliko yuko ng'ambo. Mimi nimejijaribu nyumbani, akilia tu namwachia. Panda gari la Eliakim Jumatatu. Usipokuja, nesi atamshika na kazi itafanyika vile vile. Lakini nataka uwe wewe. Umesema ulimshika vizuri, kana kwamba ni dhambi. Mtoto anatakiwa kushikwa vizuri. Aliyekosea ni mwenye wembe.

Tumpale


Mpemba,
28 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mama mwenyewe, na safari hii nimeandika bila kitenge kichwani, kwa sababu mtoto ananyonya na mkono mmoja haunitoshi.

Mama alifika Jumatatu. Amevaa nguo za kanisani, na chakula hakugusa mpaka jana. Tulipoingia chumbani kwa daktari aliomba aone mkasi. Daktari akamwonyesha. Akaomba auguse, daktari akasema hapana, ni safi. Hilo lilimpendeza, nilimwona. Akamlaza Gwantwa mapajani, akamshika kichwa kwa viganja viwili, na kitu pekee alichosema ni, "Kata kidogo, mwanangu." Daktari akasema huwa anakata kidogo. Nilifumba macho, nilipofumbua kazi ilikuwa imekwisha.

Alilia, nikampa titi la kushoto. Akavuta. Likabaki mdomoni. Akavuta tena, na chumba chote kikasikia anameza.

Mama aliposikia anameza alimpokonya. Alimtoa kwangu kwa nguvu, akamfungua mdomo kwa kidole, akamgeuzia dirishani, akatafuta. Nesi akataka kumzuia, nikamwambia amwache. Mama alitafuta chini ya ulimi, kwenye ufizi, mpaka kooni. Yalikuwa maziwa, baba. Maziwa tu. Alimrudisha kwangu, akaketi sakafuni na nguo zake za kanisani.

Daktari haahidi kitu. Uzito tutapima wiki ijayo, na la kulia nesi anasema tujaribu, huenda likaamka. Nitakuandikia. Nimeshaanza, sioni sababu ya kuacha.

Hasira yangu haijaisha. Kwa mama nimekwisha kusema yangu. Kwako ni hii. Ulirudi kutoka Zambia ukakuta kaburi la mtoto wako, ukaambiwa neno moja, ukaenda kulima. Watu hawakuutumia ukali wako tu. Waliutumia na ukimya wako.

Ile pamba waliyomfutia Gwantwa mdomo ina doa dogo kuliko punje ya ulezi. Nesi alitaka kuitupa. Mama alisimama mlangoni akakataa kuondoka mpaka akapewa. Ameifunga kwenye pindo la kitenge, anakuletea uione. Akiifungua, usichukue jembe. Keti, umwulize. Anza na asubuhi ile walipovuka bonde.

Jina tumelibakiza.

Tumpale, mama Gwantwa